Aliyeuliza Kwanza Jina la Mbwa

Mara ya mwisho nilipomhitaji, Mama Mifugo alikuwa ameshastaafu, na mbwa wa mama yangu alikuwa amebakiza siku kumi za kuishi. Hukumu hiyo ilitolewa na baba mdogo, akiwa amekaa kwenye kigoda uani, suruali imepandishwa hadi gotini, akitazama matundu manne ya meno kwenye shavu la mguu wake. Alitaka mbwa afe siku hiyo hiyo. Mama Mifugo, kwa simu kutoka kwake Kanoni, akasema hapana. Mbwa afungwe mahali pamoja, alishwe, atazamwe siku kumi. Na aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha apande pikipiki aende hospitali kuchoma sindano, leo, si kesho.

Baba mdogo alikubali nusu ya amri. "Siku kumi nampa," alisema. "Ya kumi na moja nakuja na kamba. Mbwa anayelala juu ya kaburi anamwita mtu mwingine, na sijui anamwita nani."

Kaburi lilikuwa la baba, na lilikuwa na miezi minne. Liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kama makaburi yetu yote hapa Ihanda. Tangu mazishi, mbwa alikuwa akilala juu yake mchana kutwa. Alijilamba mguu wa mbele mpaka manyoya yakaisha, ngozi ikafuata. Kila alfajiri alizunguka mbele ya mlango wa jikoni, duara juu ya duara, akilia kwa sauti nyembamba. Mama alisikia hukumu ya shemeji yake akiwa chumbani. Hakutoka. Alisema tu kupitia dirishani: "Mkimuua huyo, mimi mnihamishe kabisa."

Nitaeleza jinsi siku hizo zilivyokwisha. Ila lazima nimwelezee kwanza mwanamke huyu, maana nisipomwelezea mtadhani tulimwita daktari wa mbwa, na kata yetu haijawahi kuwa na kiumbe wa namna hiyo.

Kiserikali alikuwa afisa mifugo wa kata. Kazi yake ilikuwa chanjo, josho, vyeti vya kusafirisha ng'ombe, na kuwaambia watu wasiuze nyama ya mnyama aliyejifia. Kwetu mifugo maana yake ni ng'ombe, kisha mbuzi, kisha kuku kwa kulazimisha. Mbwa na paka ni wafanyakazi: mmoja wa nje, mmoja wa ghalani, na mfanyakazi akiharibika hubadilishwa. Mtu mzima mwenye heshima zake hawezi kuonekana barabarani amembeba paka mgonjwa. Kwa hiyo waliletwa kwa siri. Nilishuhudia siku moja, nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi yake nikingoja kibali cha ndama wa baba. Aliingia mkulima mmoja mnene, mzee wa kanisa, na ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbuzi wako hajambo?"

"Ndiyo nimekuja kwa habari ya mbuzi. Hajambo kidogo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anacheua?"

"Sana tu."

"Basi fungua ndoo, huyo paka asije akafa kwa joto."

Paka alitoka akiwa na tumbo jekundu, halina nywele hata moja, kama kuku aliyenyonyolewa. Alikuwa ameyang'oa manyoya yote mwenyewe kwa kulamba. Mama Mifugo alitafuta viroboto, hakuona. Alitafuta ukurutu, hakuona. Ndipo akauliza swali lake, lile ambalo lilimfanya nusu ya kata imheshimu na nusu nyingine imwite mmbeya: "Nyumbani kwako nani kaingia, nani katoka?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kilichobadilika, mama. Isipokuwa mdogo wangu kaja na familia yake, kwa ajili ya msimu wa kahawa."

"Familia ya watu wangapi?"

"Si wengi. Watoto sita."

Dawa aliyotoa ilikuwa rafu. Alimwambia mzee apigilie ubao juu ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, aweke gunia kuukuu, na paka akiwa kule asishushwe na mtu yeyote, hata kama Askofu amekuja kumtazama. Mzee aliondoka amenuna, kama mtu aliyekwenda kutafuta sindano akapewa useremala. Baada ya wiki kadhaa nilimwona akinunua misumari mingine. Alisema paka ameota nywele, na sasa mke wake naye anataka rafu.

Ni vigumu kumsifu mtu kwa umbeya, lakini nitajaribu. Mama Mifugo alijua nyumba zetu zote kwa kupitia wanyama. Alijua nani kapandisha sauti, nani kahamia chumba kingine, nani anarudi amelewa. Hakuna hata siku moja niliyomsikia akilitoa jambo hilo nje. Alilirudisha palepale lilipotoka. Kuna mwanamume mmoja alimwita kwa sababu mbwa wake alikuwa akijikojolea na kuingia chini ya kitanda kila mwenyewe alipokohoa. Mama Mifugo alichuchumaa, akamtazama mbwa, akamtazama mke aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akainuka.

"Mbwa huyu anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa fisi," alimwambia yule mume. "Mke wako sijamuuliza kitu. Sina haja ya kumuuliza."

Yule bwana alikosekana kanisani Jumapili mbili. Ya tatu alikuja, akakaa nyuma.

Jambo la kwanza kuandika katika daftari lake, kabla ya dalili, kabla ya umri, lilikuwa jina la mbwa. Huku kwetu desturi ya kumpa mbwa jina la kumjibu jirani ilikuwapo kabla sijazaliwa. Huwezi kusimama kwenye mpaka wa kibanja chako ukamwambia mwenzako kwamba wivu wake umekuchosha. Utaitwa kwenye kikao cha kitongoji. Lakini unaweza kumwita mbwa wako Wivu, kwa sauti, mara tatu kila jioni, na hakuna sheria inayokugusa. Mama Mifugo aliyasoma majina hayo kama wengine wasomavyo kadi ya kliniki.

"Mbwa anaitwa Tutaonana," aliwahi kumwambia mama mmoja jirani yetu, "halafu mnaniuliza kwa nini anabweka upande mmoja tu? Kila akiitwa jina lake, anayemwita kakaza mabega na kakunja uso. Angekuwa mtoto wenu angekuwa ameshakwenda polisi."

Wa kwetu aliitwa Waache, kifupi cha Waache Waseme. Aliletwa akiwa mdogo kama kiatu, mwaka ule niliorudi nyumbani na shahada bila ajira, nikawa nashinda barazani naandika makala ambazo hakuna aliyeonekana akizisoma. Watu walisema. Baba hakuwahi kunitetea kwa maneno. Alitoka tu uani kila jioni akamwita mbwa.

Mimi na Mama Mifugo tulifahamiana vizuri zaidi kwa ajili ya elimu yangu hiyo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wanyama wa nyumbani hupatwa na msongo kama wanadamu, nikaona ni wajibu wangu kumfikishia. Nilimkuta zizini kwetu akimhudumia ng'ombe mwenye homa. Nilieleza habari ya ubongo, nikaeleza habari ya homoni, nikagusia falsafa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa shika mkia."

Nilishika mkia. Tangu siku hiyo akawa ananiita Profesa, cheo ambacho sijakipata mahali pengine popote, na ambacho alikitumia hasa nilipokuwa nimekosea.

Hakuipinga elimu. Alipenda kujua, na alijua mambo ambayo mimi nilikuwa nikiyasoma tu. Alikuwa Mhaya wa Muleba, na hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Alizungumza Kinyambo chetu kana kwamba anakisahihisha. Ila alikuwa na udadisi wa mtoto anayefungua redio. Akiambiwa paka kala sabuni, au mbwa anafukuza kivuli chake, au jike lisilo na mimba limejaa maziwa, macho yake yalikuwa yanang'aa. "Enhe," alisema, akivuta kigoda, "anza tangu mwanzo, usiruke kitu." Watu walikuja kwa aibu wakaondoka wakijiona wameleta hazina.

Kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe ni cha Nkwenda, alikoanzia kazi kabla ya kuletwa kwetu. Mwenye nyumba moja ya kulala wageni alikuwa na paka aliyekojolea kitanda cha chumba namba tatu. Namba tatu tu, si kingine. Mwenye nyumba aliamini ni kazi ya mshindani wake wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshaita watu wa maombi, na kwa tahadhari ameshaita na mtu wa aina nyingine. Mama Mifugo aliomba akae humo chumbani na paka, mlango umefungwa. Alikaa kitandani saa nzima. Mwishowe paka aliinuka, akatembea hadi kwenye kabati jipya lililotoka Uganda, kabati lenye kioo kutoka juu hadi chini, akasimama, akavimba mkia mara mbili ya unene wake. Kisha akaruka kitandani akafanya alichokuwa akifanya, huku akimkazia macho paka wa kwenye kioo, ili ajue chumba kina mwenyewe.

"Nikafunika kioo kwa kanga yangu," alisema. "Bwana yule mpaka leo anaamini kanga ile ilikuwa na dawa."

Alikuwa na vioja vyake. Hakufuga mbwa wala paka. Nilipomuuliza sababu alisema hataki mtu aje asome nyumba yake. Aliwafokea wenye mifugo kwa sauti ambayo yenyewe ilitosha kumkojoza mbwa, kisha akageuka na kuzungumza na mnyama kwa upole wa muuguzi wa watoto wachanga. Na alivaa gambuti kila mahali. Aliingia nazo kwenye vikao vya kata, akaingia nazo harusini. Tulidhani ni ushamba wa kikazi mpaka siku alipotueleza, kwenye mkutano wa kijiji wa chanjo ya mbwa, mbele ya watu wote.

Alikuwa kijana, alisema, ana cheti kipya. Kulikuwa na mbwa anayeng'ata hewa na kujificha gizani, jirani na mashine mpya ya kusaga. Yeye akasema ni kelele za mashine, mhamisheni tu banda. Siku ya nne mbwa akafa akitoka povu. Alikuwa ameshamng'ata mama mmoja na mtoto wake. Mama Mifugo aliwapeleka hospitali mwenyewe na hakuwaacha hadi sindano ya mwisho. Walipona. "Hofu na kichaa, mwanzoni, vinafanana kama mapacha," alituambia. "Anayejidai kuvitofautisha kwa macho siku ya kwanza ni mjinga. Mimi nilikuwa huyo mjinga. Tangu hapo sivui gambuti, maana sijui ni mbwa gani ananingoja njiani." Kisha akakaa chini, na watu wakasahau kupiga makofi.

Ndiyo maana alipokuja kwetu siku ya pili baada ya baba mdogo kuumwa, hakumgusa Waache. Alimtazama kwa mbali, amefungwa kwenye nguzo ya baraza la jikoni. Aliomba apewe maji, akaangalia anavyoyanywa. Kisha akamgeukia baba mdogo, ambaye alikuwa amefika kuhakikisha siku zinahesabiwa.

"Sindano?"

"Nimeosha na sabuni. Inatosha."

"Mzee, nikikosea juu ya mbwa, tutazika mbwa. Nikikosea juu yako?"

Baba mdogo alikwenda hospitali, akilalamika hadi pikipiki ikapotea kwenye kona.

Mimi nilipewa daftari la shule la kurasa arobaini. Niandike kila anachofanya mbwa, na saa. Hii ilikuwa kazi niliyozaliwa kuifanya. Nilipiga mistari, nikaweka safu nne, nikatunga vifupisho. Siku ya kwanza niliandika kurasa mbili. Anakula. Analala. Analamba mguu, dakika kumi. Ananyanyua kichwa, anatazama upande wa migomba. Kila alfajiri niliamka, nikachukua tochi, nikaandika: saa kumi na moja na nusu, anaanza kuzunguka. Siku ya tatu, saa kumi na moja na nusu. Siku ya tano, saa kumi na moja na nusu kamili. Hapo nilipigia mstari, nikaandika pembeni: Mbwa anajua saa!

Mama alikuwa akitoka chumbani saa nne hivi, akila kidogo walicholeta majirani, akirudi. Hilo sikuliandika. Halikuwa jambo la mbwa.

Siku ya nane Mama Mifugo alirudi. Waache alikuwa akila vizuri, koo lake zima, macho yake mazuri. Akasoma daftari langu akiwa amesimama, akilamba kidole kufunua kurasa. Nilingoja sifa.

"Profesa," alisema, nami nikajua nimekosea. "Umemwandika mbwa huyu kama anaishi peke yake porini. Watu wako wapi?"

"Ulisema niandike mbwa."

"Huyu anajua saa, umesema. Na wewe ulijuaje saa?"

"Niliamka."

"Uliamshwa na nini?"

Ikabidi nifikirie, na nilishangaa kwamba nalazimika kufikiria. "Alamu," nikasema.

"Ya nani?"

Nikatazama dirisha la chumba cha mama, kisha nikapunguza sauti. "Ya marehemu."

Simu ya baba ilikuwa kitochi cha zamani chenye kamba ya kuvaa shingoni. Kwa miaka yote niliyomjua, alamu yake ililia saa kumi na moja na nusu. Baba akakanyaga sakafu, akavaa gambuti, akafungua mlango wa jikoni, na yeye na mbwa wakashuka kukagua migomba na kahawa kabla jua halijatoka. Mama alikuwa akiichaji simu hiyo kila jioni. Ililia kila alfajiri kwa miezi minne, na sisi wote tuliolala nyumba ile tulikuwa tumeizoea kama tunavyozoea jogoo.

"Nimwambie aizime?" niliuliza.

"Wewe? Usithubutu," alisema. "Siku ya kumi jioni nakuja kulala hapa."

Alikuja na kifuko kidogo na shuka lake mwenyewe. Yeye na mama walikula pamoja, wakazungumza habari za bei ya kahawa na mtoto wa nani kaolewa wapi. Mbwa hakutajwa. Mimi sikulala sana, nikifikiria kamba ya baba mdogo.

Alamu ililia. Nje, Waache akainuka mara moja, akaanza: duara, kilio, kuutazama mlango, mguu mdomoni, duara tena. Alamu ikanyamaza. Mlango haukufunguka. Nilipoingia sebuleni nilimkuta Mama Mifugo tayari ameketi, amevaa, taa imewashwa. Alikwenda akagonga mlango wa mama kwa kidole kimoja.

"Dada, umeamka?"

"Nimeamka."

"Umeizima?"

"Imejizima."

"Hizo hazijizimi."

Kisha mama akafungua, simu ikiwa mkononi, kamba yake imemzunguka kiganja. "Usije ukaniambia nitoe betri," alisema. "Huyu mwanangu anataka kuniambia tangu juzi, anaogopa tu." Ilikuwa kweli. "Ikilia, kuna dakika moja nadhani anatafuta viatu. Najua hatafuti. Mimi si mjinga. Lakini hiyo dakika ni yangu."

"Basi ikae," alisema Mama Mifugo. "Sikuja kwa ajili ya simu, nimekuja kwa mbwa. Na yeye anaisikia dakika hiyo hiyo. Ila wewe unajua inaishaje, yeye hajui. Miezi minne anaambiwa twende, halafu hatoki mtu. Akichoka kungoja mlangoni anakwenda kumngojea kule mlikomweka."

Mama akatazama mlango wa jikoni. Nje kilio kiliendelea.

"Nani sasa atoke?"

"Yeyote. Ila mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba."

Nilikuwa nimesimama na koti mkononi, tayari kujitolea, kama kawaida ya wasomi jambo linapokaribia kwisha. Mama Mifugo alinikanyaga mguu.

Mama alijifunga kitenge kingine juu ya kile cha kulalia, akachukua ndala. "Kuna umande," nilisema. "Sasa nisiloe?" alijibu, kwa ukali wa zamani ambao sikuwa nimeusikia tangu msiba. Nilifungua kamba ya Waache. Siku kumi zilikuwa zimetimia. Mbwa alishuka hatua tatu kwenye njia ya migomba, akasimama, akageuza kichwa. Mama alikuwa bado kizingitini. Walitazamana muda ambao, kama ningekuwa na daftari, ningeuandika kuwa mrefu. Kisha mama akakanyaga chini, na migomba ikawafunika.

Baba mdogo alifika saa tatu asubuhi. Kamba ilikuwa mpya. Alimkuta Mama Mifugo barazani akinywa chai ya maziwa.

"Yuko wapi?"

"Nani? Mbwa, au shemeji yako?"

"Mbwa."

"Wako pamoja. Kule chini kwenye kahawa."

"Shemeji yuko kwenye kahawa?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake yuko juu ya mti. "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Sindano umemaliza?"

"Bado moja."

"Ukachome. Mbwa hana kichaa, siku zimekwisha na yuko mzima, lakini kachome." Akaweka kikombe chini. "Hebu niambie. Siku ile aliyokuuma, ulitokea wapi?"

"Nilizunguka. Nikatokea kwenye migomba, huku upande wa ghala."

"Na njia ipo? Hii hapa, pana, inatoka kwako hadi mlangoni."

Baba mdogo akaitazama njia. Inapita pembeni mwa kaburi la kaka yake, hatua mbili tu. Aliigeuzageuza ile kamba mikononi. Nilitambua, kwa kuchelewa kama ilivyo desturi yangu, kwamba kwa miezi minne sikuwahi kumwona akipita huko.

"Nilikuwa nawahi," alisema.

"Sawa," alisema Mama Mifugo, wala hakuongeza. "Kama unawataka, wafuate. Ila usitokee kwenye migomba tena. Pita njiani, akuone unavyokuja."

Baba mdogo akaenda. Alipofika kwenye kaburi alipunguza mwendo, akavua kofia, akapita.

Mama Mifugo hakungoja. Hakuwahi kungoja kuona matokeo. Alisema wanyama hawapendi kutazamwa wakipona. Alimwita dereva wake wa bodaboda, akakunja shuka lake, akaondoka akinikataza nisimsindikize. Nilibaki uani peke yangu na birika la chai, nikitega sikio kama kuna kelele kutoka chini. Hapakuwa na kelele. Ilipita kama nusu saa ndipo migomba ilipotikisika, nami nikampigia.

"Wanapanda," nilimwambia.

Upepo wa pikipiki ulivuma simuni. "Nani yuko mbele?"

"Mbwa."

"Halafu?"

"Mama. Halafu baba mdogo, kabeba mkungu wa ndizi."

"Mkia uko wapi?"

"Mkia wa nani?"

"Profesa!"

Nikatazama vizuri. "Uko juu," nikasema. "Unacheza."

Nilimsikia akimwambia dereva apunguze mwendo.

"Basi mama yako atakuwa na njaa," alisema. "Weka ndizi motoni."

Nikaenda kuchochea moto.